Namba 20, 7, 18 au 9: shabiki wa LSU avae ipi?

Siku ambayo LSU, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, inacheza nyumbani Baton Rouge, watu hufunga maturubai nje ya uwanja tangu asubuhi. Wanapika, wanakunywa, wanausubiri usiku. Ukipita umevaa jezi, utaitwa. Utapewa sahani ya wali na gambo, ule mchuzi mzito wa bamia na kamba ambao mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa kuupenda. Kisha mwenyeji atakugeuza kidogo, asome mgongo wako, na ubishi utaanza.

Mimi nilijifunza hilo dukani. Nilikuwa nimeshika jezi ya kwanza iliyonitosha mabegani, wala sikuangalia namba. Jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu aliyejitolea kunipeleka, akaniambia niirudishe nichukue 20. Mjukuu wake akasema babu aniache, nichukue 9. Mama wa yule kijana akasema wote wawili hawajui wanachosema, mtu mwenye akili huvaa 18. Muuzaji, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia kwamba mtoto wa Louisiana halisi ni 7. Nilitoka na kofia.

Misimu kadhaa ya kusikiliza mabishano hayo imenionyesha jambo moja: wabishi hawajibu swali lilelile. Mmoja anatafuta mtu mkubwa kuliko wote, mwingine anatafuta namba iliyozaa wakubwa wengi, na yupo anayetafuta namba iliyo ngumu kuipata. Kila mmoja yuko sahihi kwenye swali lake. Kama nawe umekwama, jua kwanza swali lako ni lipi.

Kwa nini namba ni jambo zito hivi

Sisi tuliokulia kwenye soka tunaijua namba kama kazi. Moja ni kipa, tisa mmaliziaji, kumi fundi. Futiboli ya Kimarekani nayo ina mipaka yake (wale mabaunsa wa mstari wa mbele wa mashambulizi huvaa kati ya 50 na 79), lakini kwa namba nyingine nyingi uhuru ni mkubwa, na ndiyo maana namba ikivaliwa na mtu mkubwa hubaki na harufu yake.

LSU ni timu ya wanafunzi. Uwanja wake, Tiger Stadium, unaingiza watu 102,321, wakati wetu wa Benjamin Mkapa unaingiza 60,000. Mjini Baton Rouge hakuna timu ya NFL, ile ligi ya kulipwa, ya kugawana nayo mashabiki, kwa hiyo mapenzi yote yanamiminikia chuoni. Na mpaka mwaka 2021 wachezaji wa vyuo hawakuruhusiwa kulipwa kwa majina yao, hivyo jezi za dukani ziliuzwa na namba tupu, bila jina. Shabiki alinunua 7, akajua mwenyewe moyoni anamvaa nani. Hata leo wengi wananunua hivyo hivyo.

Jambo moja zaidi, litatusaidia mbele: katika futiboli ya vyuo wachezaji wawili wa timu moja wanaweza kuvaa namba moja, ilimradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja. Kwa kawaida mmoja ni wa kushambulia na mwingine ni wa kulinda.

Vigezo

Namba zote nne nitazipima kwa mambo matano yaleyale: waliovaa ni akina nani, walifanya nini uwanjani, namba inapatikana vipi, ina hadithi gani nje ya uwanja, na inamfaa nani. Sitatoa alama. Alama huwa zinampa ushindi yule aliyechagua vigezo.

Namba 20

Waliovaa. Ukisema 20 umesema Billy Cannon. Wengine hawahesabiki kwenye ubishi huu.

Uwanjani. Cannon alikuwa mkimbia na mpira, lakini enzi zile mchezaji alicheza pande zote, kushambulia na kulinda, na yeye alipiga hata mipira ya mguu. Mwaka 1958 timu ilimaliza bila kufungwa, michezo 11 kwa 11, ikawa bingwa wa taifa. Lakini kinachosimuliwa ni usiku wa Oktoba 31, 1959. LSU walikuwa nyumbani dhidi ya majirani wa Mississippi, timu iitwayo Ole Miss, na walikuwa nyuma kwa 3 bila. Robo ya nne, Ole Miss wakaupiga mpira mbali kwa mguu. Ukadunda, Cannon akaudaka kwenye yadi ya 11 ya upande wake mwenyewe. Mwenye busara angeuacha utoke. Yeye akakimbia. Mmoja akamshika, Cannon akamponyoka. Wakaja wengine, wakaanguka. Akatoka pembeni peke yake, yadi 89 mpaka mwisho wa uwanja. Ikawa 7 kwa 3. Watu husahau kwamba mchezo haukuishia pale: Ole Miss walirudi mpaka kwenye yadi 1 ya goli, na Cannon alikuwa miongoni mwa waliowazuia sekunde za mwisho. Mwaka ule alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani.

Niseme ukweli usiopendwa mezani kwa jirani yangu: miezi miwili baadaye timu hizo zilikutana tena, na Ole Miss walishinda 21 kwa 0. Mzee nilipomkumbusha aliendelea kumenya kamba.

Inavyopatikana. Haipatikani. Ndiyo namba ya kwanza ya futiboli kustaafishwa LSU, na kwa miaka mingi ilikuwa peke yake. Hakuna kijana atakayekuja kuichafua kwa kudondosha mpira, na hakuna atakayekuja kuiongezea kitu.

Nje ya uwanja. Hapa ndipo 20 inakuwa nzito kuivaa. Cannon alisomea udaktari wa meno, akafungua kliniki, akawa mtu wa heshima mjini. Mwaka 1983 alikamatwa kwa kutengeneza dola bandia, mamilioni. Alifungwa. Ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo, uliokuwa umemchagua mwaka uleule, ukamfuta. Alipotoka, baada ya misukosuko mingi alipata kazi ya kutibu meno ya wafungwa katika gereza la jimbo la Louisiana liitwalo Angola, akaifanya vizuri miaka mingi, na wafungwa wakamheshimu. Mwaka 2008 ukumbi ule ulimrudisha. Alifariki Mei 2018, na mwaka huohuo sanamu yake ikasimamishwa nje ya uwanja.

Inamfaa nani. Anayependa historia kuliko matokeo ya wiki hii. Pia anayeweza kubeba mtu mzima, na jela yake na sanamu yake, bila kukata kipande. Haimfai anayetaka kuona namba yake ikikimbia Jumamosi.

Namba 7

Waliovaa. Orodha ni ndefu kuliko zote. Bert Jones, kotabeki (yule mpangaji anayerusha pasi), aliivaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini sifa ya sasa ilianza na Patrick Peterson, mlinzi wa pembeni, 2008 hadi 2010. Kisha Tyrann Mathieu, 2011. Kisha Leonard Fournette, 2014 hadi 2016. Wakafuata DJ Chark, Grant Delpit, JaCoby Stevens, Derek Stingley mdogo na Kayshon Boutte.

Uwanjani. Peterson alitwaa tuzo ya Bednarik ya mlinzi bora wa nchi mwaka 2010. Mwaka uliofuata Mathieu, akiwa na namba ileile mgongoni, akaitwaa yeye. Miaka miwili mfululizo, namba moja, tuzo moja.

Mathieu anahitaji aya yake. Mtoto wa New Orleans, mfupi kwa mchezo wa majitu, alipewa jina la utani la mnyama tunayemjua vizuri huku kwetu: nyegere. Kila aliyewahi kusikia nyegere akivamia mzinga bila kujali nyuki anaelewa mara moja. Mathieu alikuwa hamshiki mtu tu, alimpokonya. Mpira ukianguka, yuko pale. Wapinzani wakiupiga kwa mguu, anaurudisha: yadi 92 dhidi ya Arkansas, na juma lililofuata tena dhidi ya Georgia kwenye fainali ya kanda. Mlinzi akafika meza ya waliokuwa wakiwania Heisman, jambo ambalo ni kama beki wa kulia kuwania Ballon d'Or. Timu ikashinda michezo 13 kwa 13, halafu ikaenda fainali ya taifa na kufungwa na watani, Alabama, 21 kwa 0. Ukitaja fainali ile Baton Rouge, jiandae kulipia vinywaji.

Fournette alikuwa nguvu tupu. Mwaka 2015 alikimbia yadi 1,953 na kuufikisha mpira mwisho wa uwanja mara 22. Watu waliojaribu kumkaba kifuani ni wa kuonewa huruma.

Inavyopatikana. Hutolewa kwa yule anayetegemewa kuwasha moto, na kadiri miaka ilivyokwenda imezidi kuonekana kama mali ya watoto wa Louisiana. Peterson mwenyewe alitoka Florida, kwa hiyo usiruhusu mtu akuambie ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Na uteuzi hukosea. Mwaka 2018 alipewa mpokea pasi aliyehamia kutoka chuo kingine kabla hajaichezea LSU hata mara moja, na msimu ukapita kimya. Stingley na Boutte waliivaa katika misimu yao migumu, majeraha upande huu, timu kuyumba upande ule. Wote wawili walikuwa wameng'aa zaidi na namba walizozivaa kabla. Ndiyo maana wapo wanaonong'ona kwamba 7 imekuwa mzigo.

Nje ya uwanja. Mathieu alifukuzwa kikosini Agosti 2012 kwa kuvunja kanuni za timu, akiwa kileleni. Alijijenga upya, akachukua ubingwa wa NFL na Kansas City, na mwaka 2022 akarudi kucheza nyumbani New Orleans. Lakini hadithi ninayoipenda ya namba hii ni ya kitambaa chenyewe. Oktoba 2015 mafuriko yaliipiga South Carolina, na mchezo uliokuwa uchezwe kule ukahamishiwa Baton Rouge. Fournette, aliyeishi kimbunga cha Katrina akiwa mtoto wa miaka kumi, aliomba jezi aliyocheza nayo siku ile ipigwe mnada kwa ajili ya waathirika. Wakati ule mwanafunzi kuuza jezi yake lilikuwa kosa la kumfungia, kwa hiyo ilibidi ruhusa itolewe. Ilinunuliwa kwa dola 101,000.

Inamfaa nani. Anayependa kusimama kwenye kiti. Anayetaka namba inayopata mwenye mpya na anayekubali kwamba mwenye mpya anaweza kumwaibisha. Na kama una watoto, nyegere huyu ni rahisi kuwasimulia.

Namba 18

Waliovaa. Majina ambayo nje ya Louisiana mengi hayajulikani. Matt Mauck, Jacob Hester, Richard Dickson, Brandon Taylor, Bennie Logan, Lamin Barrow, Tre'Davious White, Foster Moreau, K'Lavon Chaisson, Damone Clark. Angalia kazi zao: kotabeki, mkimbiaji, beki, jitu la mstari wa mbele wa ulinzi, mpokea pasi mzito. Hakuna namba nyingine kati ya hizi nne iliyovuka kazi nyingi hivyo.

Uwanjani. Mauck aliiongoza timu kwenye ubingwa wa msimu wa 2003, waliposhinda Oklahoma 21 kwa 14. Alipoondoka, namba ikaenda kwa Hester, aliyekuwa ndiyo anaingia chuoni, na Hester naye akawa bingwa msimu wa 2007. Mtu na mrithi wake, kila mmoja na kombe lake. Hapo ndipo watu walipoanza kusema namba hii ina kitu.

Kama hukuwahi kumuona Hester, tafuta mchezo wa Oktoba 6, 2007 dhidi ya Florida. Katika futiboli hii timu ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. La nne kwa kawaida halitumiki: unaupiga mpira mbali na kujisalimisha. Usiku ule kocha alijaribu la nne mara tano. Mara zote tano zilifaulu, na mtu wa kazi kwenye zile za mwisho alikuwa Hester, ambaye hakuwa mwepesi wala mrefu. Aliingia na mpira ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache. LSU 28, Florida 24.

Inavyopatikana. Kila mwaka kabla ya msimu hutangazwa nani amepewa 18, na kinachopimwa ni mwenendo: anafanyaje mazoezi, anaongeaje na wadogo, anafanyaje darasani. Umaarufu pekee haukupi. White aliipata, akaivaa misimu miwili, na alirudi kumaliza mwaka wake wa mwisho wakati angeweza kwenda kulipwa. Wakati mwingine hupewa wawili, mmoja wa kushambulia na mmoja wa kulinda. Mwaka 2019 mmoja wao alikuwa Lloyd Cushenberry, ambaye ni wa katikati ya mstari wa mbele, na sheria haimruhusu kuvaa namba ndogo. Suluhisho: akabaki na 79 yake, ikashonwa nembo ya 18 kifuani. Heshima ile imekuwa kubwa kuliko kitambaa.

Nje ya uwanja. Hakuna jela, hakuna mnada. Mauck, baada ya kucheza kidogo NFL, alisomea udaktari wa meno. Ndiyo, naye. Namba mbili kati ya nne zimetoa madaktari wa meno na sina maelezo.

Inamfaa nani. Mwalimu, nahodha, mama wa familia, mtu wa zamu ya usiku. Anayependa timu kuliko nyota. Udhaifu wake uko wazi: ukimuuliza mtu wa mji mwingine mchezaji mkubwa kuliko wote wa LSU, hatataja hata mmoja aliyevaa 18.

Namba 9

Waliovaa. Joe Burrow. Lakini hapa ndipo ile kanuni ya watu wawili inapoingia. Mwaka 2018 namba 9 ilivaliwa na wawili: Burrow, kotabeki aliyetoka kuhamia kutoka Ohio State alikokuwa akivaa 10, na Delpit, mlinzi hodari. Ikaja 2019, Delpit akapewa heshima ya kuhamia 7. Akaiacha 9 kwa mwenzake. Delpit hakukosea, mwaka ule alitwaa tuzo ya Thorpe ya mlinzi bora wa nyuma. Ila namba aliyoiacha ndiyo iliyokuja kuandikwa kwa wino usiofutika.

Uwanjani. Msimu mmoja. Michezo 15, ushindi 15. Pasi 60 zilizozaa tachidauni (mpira kufika mwisho wa uwanja) na yadi 5,671 hewani, vyote viwili rekodi za ngazi ya juu ya vyuo au karibu kabisa nazo wakati ule. Novemba 9 walikwenda kwa Alabama, ambao LSU walikuwa wamefungwa nao mara nane mfululizo, wakashinda 46 kwa 41. Januari 13, 2020, fainali ikachezwa New Orleans, kwa jirani kabisa, na Clemson wakalala 42 kwa 25. Heisman ilikuwa imeshatua mfukoni, ya kwanza kwa LSU tangu Cannon, miaka 60. Wapinzani wa 9 husema Burrow alikuwa na wapokea pasi ambao hata mimi ningewarushia: Ja'Marr Chase akivaa 1 na Justin Jefferson akivaa 2. Ni kweli. Nao husahau kujiuliza mbona mwaka 2018, nao wakiwemo, haikuwa hivyo. Hoja hii haijawahi kuisha mbele yangu.

Inavyopatikana. Kabla ya Burrow namba haikuwa na mnyororo wa kuzungumzia. Hakupewa kama heshima, aliifanya heshima.

Nje ya uwanja. Alipopokea Heisman alitumia dakika chache kuzungumzia watoto wenye njaa kule kusini mashariki mwa Ohio alikokulia. Mtu mmoja wa kwao akaanzisha mchango kwa ajili ya ghala la chakula la wilaya, ukapita dola 500,000. Na katika mchezo wake wa mwisho nyumbani, Novemba 2019, aliingia uwanjani jina lake mgongoni likiwa limeandikwa Burreaux, kwa tahajia ya Kifaransa ya watu wa Louisiana. Mgeni wa mwaka mmoja na nusu akajiandika mwenyeji. Nimeona wanaume wazima wakisimulia hilo huku wakitazama pembeni.

Inamfaa nani. Mhamiaji. Nasema bila utani: sisi tuliofika mjini ule tukiwa wakubwa, na lafudhi zetu, tunaipenda 9 kwa sababu tunazojua. Pia inamfaa kijana ambaye 2019 ndiyo kumbukumbu yake ya kwanza kamili.

Zilizobaki mlangoni

Namba 3 ina Kevin Faulk, aliyekimbia yadi nyingi kuliko yeyote katika historia ya timu, na Odell Beckham mdogo. Ingekuwa ndani kama mtu angeishona hadithi moja kati yao. Namba 5 ni ya Jayden Daniels, Heisman ya 2023, ambaye dhidi ya Florida alirusha yadi 372 na kukimbia 234 katika mchezo mmoja. Tatizo timu yake ilifungwa mara tatu mwaka ule. 21 ya Jerry Stovall na 37 ya Tommy Casanova zimestaafishwa. Ukizivaa utapata heshima ya wazee na maswali ya vijana. Na ukiona mtu na 33, huenda ni ya mpira wa kikapu, ya Shaquille O'Neal.

Ubavu kwa ubavu

Kwa wingi wa vipaji, 7 inazipita zote tatu, wala si kwa karibu. Kwa kilele kimoja, 9 na 20 zinagombana, na umri wa msemaji ndio unaoamua: 20 ina mbio moja iliyodumu miongo sita, 9 ina miezi mitano bila doa. Kwa makombe, hesabu inashangaza watu: 18 ina 2003 na 2007 kwa wale walioipa namba jina, na Chaisson aliivaa katika kikosi cha 2019. Namba 7 ilikuwepo 2019 kwa Delpit, lakini Peterson, Mathieu na Fournette hawakuwahi kuwa mabingwa wa taifa LSU. Mwambie hivyo shabiki wa 7 ukiwa umekaa karibu na mlango.

Kwa ugumu wa kuipata, 20 imefungwa kabisa, 18 inaombwa kwa mwenendo, 7 kwa makali. Kwa hatari ya kujuta, 20 ndiyo salama kuliko zote uwanjani. Nje ya uwanja umeshasoma.

Chagua kwa hali yako

Unakwenda kukutana na wakwe wa Louisiana, na baba mkwe amezidi miaka sabini: 20. Soma habari za usiku wa 1959 kabla, na mwache asimulie yeye.

Unanunua jezi moja, hutanunua nyingine kwa miaka kumi, na unataka iendelee kuzungumza: 18. Kila Agosti atatangazwa mwenye mpya, na jezi yako itakuwa mpya tena.

Unakaa majukwaa ya wanafunzi, unaimba, unapoteza sauti: 7. Hata msimu ukienda vibaya hutakuwa peke yako, maana ukiangalia safu yoyote utaona wengine.

Uliingia mchezo huu kwa kumtazama Burrow akiwa na timu ya Cincinnati ya NFL, ambako aliendelea kuvaa 9: vaa 9, usimwombe mtu radhi. Atakayekuambia wewe ni shabiki wa juzi, mkumbushe Burrow alikaa misimu miwili tu.

Unamnunulia mtoto Dar au Mombasa ambaye hajui mchezo: 7, na umwambie ni ya nyegere. Ongeza saizi moja.

Na vyovyote utakavyochagua, usiivamie ya zambarau kwa sababu ndiyo inayong'aa dukani. LSU huvaa nyeupe nyumbani, desturi iliyoanza mwaka wa ubingwa wa 1958. Wakati fulani sheria iliikataza, na katikati ya miaka ya 1990 kocha wao akaipigania mpaka ikarudi. Mzee jirani yangu anaweza kukusamehe namba. Hilo la rangi nilimuona akimgombeza mtoto wa watu.